Gharama ya Ugunduzi Hulipwa na Nani? Kusoma Riwaya za Wanasayansi kwa Jicho la Imani

Kila panapozuka mjadala kuhusu mimba za maabara, mbegu zilizobadilishwa vinasaba au mashine zinazoiga akili ya binadamu, jina moja halikosi kutajwa, nalo ni Frankenstein. Wengi wanaolitaja hawajakisoma kitabu kinachobeba jina hilo, na wengine hudhani kuwa ndilo jina la lile zimwi la kwenye filamu, lenye kichwa bapa na vyuma shingoni. Sivyo. Frankenstein ni jina la mwanasayansi. Kiumbe aliyemuunda hakupewa jina lolote katika kitabu kizima, na jambo hilo, kama tutakavyoona, lina uzito wake.

Tunaandika makala hii kwa sababu riwaya za aina hiyo hutumiwa vibaya kutoka pande mbili. Wapo wanaozishika kama fimbo ya kuichapia sayansi yote, wakisema kwamba mwanadamu akichungulia sana siri za maumbile ataadhibiwa. Wapo pia, hasa miongoni mwa vijana wetu wasomi, wanaoziona kuwa hadithi za kutishia watoto, na wanadhani kwamba Kanisa linazipenda kwa kuwa linaiogopa maabara. Sisi tunaona kwamba riwaya zilizo bora katika kundi hili zinasema jambo jingine, ambalo muuguzi, mkulima na mzazi wa mwanafunzi wa udaktari wanalihitaji. Zinauliza bei ya maarifa imelipwa na nani, na yule aliyegundua alikuwa wapi wakati mwenzake akilipa.

Tuanze na kitabu chenyewe. Mwezi Aprili 1815 mlima wa volkano uitwao Tambora, katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, ulilipuka kwa nguvu kubwa mno. Vumbi lake lilitanda angani, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya Ulaya haikuona kiangazi. Mvua na baridi viliharibu mavuno, na maskini wakapata njaa. Juni 1816, kando ya Ziwa la Geneva nchini Uswisi, kikundi kidogo cha Waingereza waliofungiwa ndani na mvua hiyo walishindana kutunga hadithi za kutisha. Mmoja wao alikuwa Mary, binti wa miaka 18, ambaye mwishoni mwa mwaka huohuo alifunga ndoa na mshairi Percy Shelley. Mazungumzo yao yaligusa habari za umeme. Mtaalamu wa Kiitalia, Luigi Galvani, alikuwa ameonyesha kwamba misuli ya chura aliyekufa hutikisika ikipitishiwa umeme, na watu wakaanza kujiuliza kama huenda uhai wenyewe ni nguvu ya namna hiyo.

Mary alikuwa anakifahamu kifo kwa karibu. Mama yake mzazi, Mary Wollstonecraft, alifariki siku 11 baada ya kumzaa, na mtoto wa kwanza wa Mary mwenyewe, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1815, aliishi siku chache tu. Ndiye aliyeandika riwaya ya mtu anayemleta kiumbe duniani kisha akamkimbia. Kitabu kilichapishwa London tarehe 1 Januari 1818, bila jina la mtunzi.

Victor Frankenstein anatoka katika familia njema ya Geneva. Anakwenda kusoma katika chuo kikuu cha Ingolstadt huko Bavaria, na huko anagundua namna ya kutia uhai katika kitu kisicho na uhai. Kwa muda unaokaribia miaka miwili anakusanya mifupa na viungo kutoka nyumba za wafu, vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni. Hawaandikii barua wa nyumbani. Hatazami majira yakipita. Usiku mmoja wa Novemba kazi inakamilika, kiumbe anafumbua jicho lake, na Victor anashikwa na kinyaa. Anakimbilia chumbani kwake na kujilaza. Anapozinduka anamwona kiumbe amesimama kando ya kitanda, anatoa sauti zisizoeleweka, amemnyooshea mkono. Victor anatoka mbio hadi uani na kukaa huko mpaka asubuhi.

Mkono ule ulionyooshwa ndio kiini cha kitabu, kwa maoni yetu. Kosa kubwa la Victor tunalikuta chumbani, kando ya kitanda, kuliko maabara. Alikuwa ameshafanya alichofanya. Mbele yake sasa palikuwa na mmoja asiyeijua lugha, asiye na mama, asiye na hata jina, naye akamwacha. Wanaosema kwamba dhambi ya Victor ni kuichezea kazi ya Mungu hawakosei kabisa, maana Mary Shelley mwenyewe, katika dibaji ya toleo la mwaka 1831, aligusia hofu ya mwanadamu kuigiza kazi ya Muumba. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya habari. Kitabu cha Mwanzo kinatuonyesha Mungu akiwatafuta Adamu na Eva bustanini baada ya kuanguka kwao, akiwaita, na hatimaye, kabla hawajatoka nje, akiwashonea mavazi ya ngozi. Muumba hauachi mkono wa kiumbe chake hata kilipokosa. Kiumbe wa Victor, ambaye alijifunza kusoma na akakutana na shairi kuu la John Milton kuhusu Adamu, analiona tofauti hilo na kumlalamikia aliyemuumba. Kwa hiyo Victor hamwigi Mungu kupita kiasi. Anamwiga kidogo mno.

Namna kiumbe huyo alivyojifunza lugha ni sehemu inayogusa sana. Anajificha katika kibanda kilichoshikana na nyumba ya familia maskini, anawachungulia kupitia ufa wa ukuta, na kwa miezi anasikiliza wanavyozungumza. Usiku anawakatia kuni kwa siri. Siku anapojitokeza, baba mzee wa nyumba hiyo, ambaye ni kipofu, anampokea kwa upole. Wenye macho wanaporudi, wanampiga na kumfukuza. Uovu wake unakuja baada ya hapo, na hatuutetei. Anafika Geneva, anamkuta William, mdogo wake Victor, mtoto bado, na kumnyonga.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ukurasa ambao padre asomaye riwaya hii hawezi kuuruka. Anayeshtakiwa kwa mauaji ya William ni Justine Moritz, msichana anayetumika katika nyumba ya akina Frankenstein, kwa sababu kidani cha mtoto kimekutwa mfukoni mwake. Kiumbe ndiye aliyekitia humo. Justine ni Mkatoliki. Hana hatia, lakini anakiri. Elizabeth, mchumba wa Victor, anapomtembelea gerezani na kumuuliza sababu, Justine anaeleza kwamba padre muungamishi alimwandama, akamtisha kutengwa na Kanisa na moto wa milele asipokiri kosa hilo, hata yeye mwenyewe akaanza kujiona kuwa ni mwovu kama anavyosemwa. Akakiri uongo ili apate maondoleo. Kesho yake akauawa kwa hukumu ya mahakama.

Mary Shelley hakuwa Mkatoliki, na inawezekana alimchora padre huyo kwa rangi za chuki zilizokuwa za kawaida katika Uingereza ya wakati wake. Hilo halitupi ruhusa ya kufunga macho. Sakramenti ya Kitubio imewekwa kwa ajili ya ukweli na huruma. Muungamishi anayelazimisha maneno kinywani mwa mtu anageuza dawa kuwa sumu. Yeyote aliyekaa katika kiti cha maungamo anajua hatari ya kudhani kwamba tayari unaifahamu dhambi ya aliyepiga magoti mbele yako.

Na Victor? Victor anajua. Anamjua muuaji, na amekaa humohumo mahakamani. Hasemi, kwa sababu anaona kwamba atadhaniwa kichaa. Anaumia sana moyoni, na kitabu kinatuonyesha mateso yake kwa kurasa nyingi, lakini mateso hayo hayamsaidii Justine chochote. Tukiulizwa gharama ya ugunduzi wa Ingolstadt ililipwa kwanza na nani, jibu ni mtoto mmoja na mtumishi mmoja wa ndani, ambao hakuna aliyewauliza lolote. Wengine watafuata: rafiki yake Clerval, kisha Elizabeth usiku wa harusi yake, kisha baba mzee kwa huzuni.

Baada ya Frankenstein zilikuja hadithi nyingi za namna hiyo. Robert Louis Stevenson aliandika habari za Daktari Jekyll mwaka 1886, na H. G. Wells habari za Daktari Moreau na wanyama wake mwaka 1896. Hatutakaa huko. Ipo moja fupi zaidi, inayosomeka kwa jioni moja, ambayo tungependa kila anayefanya kazi hospitalini aifahamu.

Nayo ni hadithi ya Mmarekani Nathaniel Hawthorne iliyotoka mwaka 1843, kuhusu alama ya kuzaliwa. Aylmer ni mwanasayansi hodari aliyemwoa Georgiana, mwanamke mzuri mwenye alama ndogo nyekundu shavuni, yenye umbo la mkono mdogo. Kabla ya ndoa Aylmer hakuijali sana. Baada ya ndoa haoni kitu kingine. Kila akimtazama mkewe macho yake yanaangukia palepale, mpaka Georgiana naye anaanza kujichukia. Mume anamwingiza katika maabara yake. Siku moja mke anafungua daftari la kumbukumbu za majaribio ya mumewe na kukuta kwamba hata mafanikio yake makubwa, yakilinganishwa na alichokusudia, yalikuwa ni kushindwa. Pamoja na hayo anakunywa dawa aliyopewa. Alama inafifia, inafifia, inatoweka, na Georgiana anakufa.

Mwaka 2002 hadithi hii ilipata kazi isiyo ya kawaida: wajumbe wa baraza lililoundwa kumshauri Rais wa Marekani kuhusu maadili ya tiba na uhai waliisoma na kuijadili katika kikao chao cha kwanza. Tunaelewa kwa nini. Georgiana alikubali. Hakuburutwa wala hakudanganywa kwa ukatili. Alisema ndiyo, tena kwa upendo. Ndiyo yake, hata hivyo, ilitoka wapi? Ilitoka kwa mwanamke ambaye macho ya mumewe yalikwisha kumfundisha kwamba hafai kuishi alivyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2295, inafundisha kwamba utafiti na majaribio juu ya binadamu hayawezi kuhalalisha matendo yanayopingana na hadhi yake, na kwamba ridhaa ya anayefanyiwa haitoshi kuyafanya matendo hayo kuwa halali. Inaongeza kwamba si haki kumwingiza mtu katika hatari isiyolingana na manufaa yanayotarajiwa, au hatari inayoweza kuepukika. Na kwamba ridhaa yenyewe ni lazima iwe ya mtu anayeelewa, au ya wale wenye haki ya kumsemea. Tunaomba wauguzi na madaktari wetu waamini walitafakari hilo kila wanapompa mgonjwa fomu ya ridhaa aitie saini au dole gumba. Mgonjwa aliyelala kitandani humwambia daktari ndiyo kwa sababu nyingi: kwa heshima, kwa woga, kwa kuhofia kwamba akikataa hatatibiwa. Kuna ndiyo ambayo ni ya fomu tu. Na mwamini anayeombwa kushiriki utafiti wa tiba ana haki ya kuuliza maswali mpaka aelewe, ya kukataa, na hata ya kujitoa baadaye, bila kupoteza matibabu yake ya kawaida.

Sasa tuje kwenye mtu halisi, ambaye maisha yake yamegeuzwa kuwa fasihi katika siku zetu. Mwaka 2020 mwandishi wa Chile, Benjamín Labatut, alichapisha kwa Kihispania kitabu kiitwacho Un verdor terrible, kinachochanganya historia na ubunifu kuhusu wanasayansi wa karne ya ishirini. Mwandishi mwenyewe anaeleza kwamba kiasi cha ubunifu kinaongezeka kadiri kitabu kinavyoendelea. Mmoja wa wanaoonekana mapema humo ni Fritz Haber, mkemia wa Ujerumani.

Wakulima wetu wanamjua Haber bila kulijua jina lake. Mwaka 1909 alifaulu kuitoa naitrojeni iliyomo hewani na kuiunganisha na haidrojeni kupata amonia. Mhandisi Carl Bosch akaikuza njia hiyo hadi ikafaa kiwandani. Amonia hiyo ndiyo inayotengenezewa urea, ile mbolea ya kukuzia tunayoitupia mahindi yakishafika magotini. Sehemu kubwa ya wanadamu leo wanakula kwa sababu ya ugunduzi huo, na Haber alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1918.

Mtu huyohuyo, tarehe 22 Aprili 1915, alikuwa karibu na Ypres nchini Ubelgiji akisimamia jeshi la nchi yake lilipofungulia mitungi ya gesi ya klorini, upepo ukaipeleka kwenye mahandaki ya adui. Askari walikufa wakikosa pumzi, mapafu yakiwa yamejaa maji. Siku kumi baadaye mke wake, Clara Immerwahr, ambaye naye alikuwa mkemia mwenye shahada ya udaktari, alijiua kwa bastola ya mumewe. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu sababu zote za kifo hicho, na msomaji wa riwaya anapaswa kuwa mwangalifu hapo, kwa kuwa watunzi hupenda kulijaza pengo ambalo historia imeliacha wazi. Haber mwenye asili ya Kiyahudi alilazimika kuikimbia Ujerumani mwaka 1933, akafariki Uswisi mwaka uliofuata. Dawa ya kuulia wadudu iliyotokana na kazi za taasisi yake ilikuja kuboreshwa na kutumiwa na Wanazi kuwaulia watu katika vyumba vya gesi, wakiwemo baadhi ya ndugu wa ukoo wake mwenyewe.

Victor alikimbia asione. Haber alikwenda akaona, na kuona hakukumzuia. Aliyatazama mahandaki kama mtu anayetazama matokeo ya jaribio. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba mwanasayansi awepo mahali kazi yake inapofikia. Inategemea anapomtazama anayelipa gharama anaona nini. Wala hatuwezi kusema kwamba urea ni haramu kwa kuwa ilitoka katika mikono iliyofungulia klorini. Mfuko wa mbolea ghalani hauna dhambi. Uamuzi wa Ypres ulikuwa na wenyewe, na majina yao yanajulikana.

Tunajua kwamba msomaji mwingine atatujibu: ninyi mapadre mnawahukumu wanasayansi, na Galileo je? Ni swali la haki. Galileo alihukumiwa mwaka 1633, na Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na Taasisi ya Kipapa ya Sayansi tarehe 31 Oktoba 1992, alikiri waziwazi kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Kabla yake Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 36, ulisikitikia msimamo wa baadhi ya Wakristo wasiotambua uhuru halali wa sayansi, na ukafundisha kwamba anayechunguza siri za viumbe kwa unyenyekevu na uvumilivu anaongozwa na mkono wa Mungu hata asipojua. Mzazi Mkatoliki anayemwona binti yake akipenda hadubini na asimtie moyo hana msaada wowote katika mafundisho ya Kanisa. Riwaya hizi hazimsaidii pia. Katika Frankenstein mwenyewe hakuna mahali pazuri kuliko pale kiumbe anapojifunza maneno ya kwanza na kufurahia mwezi uchomozapo. Kujua, pale, ni zawadi tupu.

Kuna mtafiti mwingine katika riwaya hiyo, ambaye wapenzi wa filamu hawamfahamu. Kitabu kinaanza na kuisha kwa barua za Robert Walton, nahodha kijana anayetaka kufika Ncha ya Kaskazini ya dunia na kugundua siri ya sumaku, na ambaye anamwandikia dada yake aliyeko Uingereza. Yeye ndiye anayemwokota Victor, mgonjwa na aliyekonda, akimfukuza kiumbe wake juu ya barafu, naye ndiye anayeisikia habari yote. Barafu inaizunguka meli. Baadhi ya mabaharia wanakufa kwa baridi. Waliobaki wanatuma wajumbe kwa nahodha kumwomba aahidi kwamba njia ikifunguka watageuza kurudi kusini. Victor, akiwa amebakiza siku chache za kuishi, anainuka na kuwakemea, akiwaita waoga wanaokimbia utukufu. Hotuba ni nzuri. Mabaharia wanaguswa, wanatazamana na kushindwa kujibu.

Walton anasita. Hataki kurudi, na anaandika kwamba anarudi akiwa mjinga na mwenye kuvunjika moyo. Lakini hawezi kuwaburuta watu hao kwenye hatari wasiyoitaka, hivyo anawakubalia. Barafu inapasuka, upepo wa magharibi unavuma, na mabaharia wanapojua kwamba wanarudi kwao wanapiga kelele za furaha kwa muda mrefu. Victor, aliyekuwa amesinzia, anazinduka na kuuliza kelele hizo ni za nini. Nahodha anamjibu kwamba wanashangilia kwa sababu karibuni watakuwa nyumbani.